Mnyapara Aliyekufa Bila Msiba

Wapo wanaume wanaoona wivu kwa ajili ya mke, na wapo wanaoona wivu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Desderius wa Keza hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Mke wake Scholastika, muuguzi wa wodi ya watoto, hakuwahi kumpa sababu hata moja ya kukosa usingizi, na migomba yake haikuwa na ugomvi na migomba ya jirani. Desderius alimwonea wivu binti aliyejua kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa.

Msicheke. Wivu hauombi kibali cha kuingia, na ukishaingia hautazami ukubwa wa nyumba.

Tuanze na mtu mwenyewe. Desderius alizaliwa Keza, mtoto wa mfugaji, akachunga mpaka alipopelekwa sekondari, kisha akasomea kompyuta Mwanza. Aliporudi, hospitali moja ya misheni, ng'ambo kidogo ya Nyamiaga, wilayani Ngara, ikamwajiri. Wakati huo hospitali ilikuwa na kompyuta chache, na moja kati ya hizo ilitumika zaidi kuweka juu yake chupa ya chai. Desderius ndiye aliyevuta nyaya, akatoboa kuta, akapanda darini mpaka masista wakawa wanamtania kwamba amehamia kwa popo. Stoo ya mablanketi ikageuzwa chumba cha seva, na ufunguo wake akautundika shingoni pamoja na rozari.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na seva tatu, kompyuta kubwa zenye kelele za feni. Lakini uzito wa kazi haukuwa katika vyuma hivyo. Ndani ya kila seva ziliishi kompyuta nyingine zisizo na umbo, ambazo mafundi huziita mashine pepe: huzioni wala huzigusi, ni programu tupu, ila kila moja hufanya kazi kama kompyuta kamili. Moja ilitunza rejista ya wagonjwa, nyingine majibu ya maabara, nyingine picha za eksirei. Na juu ya zote kulikuwa na moja ya kuzisimamia. Hiyo ndiyo iliyojua nani anakaa seva ipi, ikahamisha mashine kutoka seva iliyoelemewa kwenda yenye nafasi, ikagawa milango ya mtandao ili kila mashine ipate pa kutokea kuongea na wenzake. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu na la Kizungu. Desderius aliiita Mnyapara.

Alimpenda Mnyapara kwa sababu walifanana. Mnyapara hakuandika dawa ya mtu, hakutoa jibu la malaria, hakumwita mgonjwa jina dirishani. Alikaa nyuma akapanga. Mambo yakienda vizuri hakuna aliyejua kama yupo, na kwa miaka mingi Desderius aliona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Fundi mzuri, alikuwa akisema, ni yule ambaye watu hawamkumbuki.

Maneno mazuri sana hayo, mpaka alipokuja mtu anayekumbukwa.

Joan alikuja mwaka jana, baada ya Pasaka. Msubi wa Biharamulo, kijana, mwenye cheti kizuri na mdomo mwepesi wa kucheka. Aliajiriwa amsaidie Desderius, na kwa kuwa Desderius hakutaka mtu kwenye chumba chake, alimgawia kazi za nje: printa, simu za mezani, kompyuta za wodini, manesi waliosahau neno la siri. Alidhani amempa makapi. Kumbe amempa watu.

Kabla ya mvua za vuli hospitali nzima ilikuwa inamwita Joan. Printa ikikwama, Joan. Kompyuta ikizubaa, Joan. Mama mmoja wa Kibimba, ambaye kadi yake ya bima ilikuwa haisomeki, alisaidiwa na Joan, na wiki iliyofuata akarudi na mkungu wa ndizi kichwani. Daktari mmoja alimtania mbele ya watu kwamba akiondoka Ngara hospitali itafungwa. Watu wakacheka. Desderius naye akacheka, kwa meno ya mbele.

Ikamwingia roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kuchomoa karatasi ni kazi? Mimi niliyelala juu ya dari na nyaya mdomoni, nani aliniletea hata kidole cha ndizi? Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Desderius ndiye aliyekuwa mwenyeji, na kila akijikagua hakuona mahali alipopona.

Hata nyumbani hapakuwa na hifadhi. Jioni moja wanakula maharage, Scholastika akasema bila kunuia ubaya, "Yule Joan ana mkono, Baba Avelina. Leo kompyuta yetu aliigusa tu ikaamka."

"Aliizima akaiwasha," alisema Desderius. "Hata Avelina anaweza."

"Basi mbona wewe hukuja kuizima na kuiwasha?"

Desderius akasukuma sahani. Maharage yalikuwa matamu, lakini hakuyamaliza.

Sasa niwaeleze kosa lake kubwa, ambalo lingemshinda kuelewa mtu asiyetoka huku. Kwa Wahangaza wa zamani, wenyeji wa Ngara, na hata kwa Wasukuma waliohamia upande wa Biharamulo, mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizi moja. Huyu alimpeleka kwa rafiki wa kilima cha pili, yule kwa rafiki wa mbali zaidi. Ugonjwa ukipita na kufyeka zizi lako, unakwenda kwa rafiki, unapewa ndama wa ng'ombe wako, unaanza upya. Baba yake Desderius alifanya hivyo, na ndivyo alivyonusurika ufukara mwaka ambao zizi la Keza lilibaki tupu. Lakini desturi hiyo ina sharti lake: anayekutunzia ng'ombe ndiye anayekamua. Maziwa ni yake, na watu wakimwona na kibuyu wanamwita tajiri.

Joan, miezi michache baada ya kufika, alimwendea Desderius kwa adabu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Kaka, nilikuwa nafikiria nakala za akiba za Mnyapara. Zote ziko humu humu kwenye jengo. Kwenye zahanati yetu ya misheni kule Biharamulo kuna kompyuta nzuri haina kazi. Tungekuwa tunatuma nakala moja kila siku. Hata ng'ombe, kaka, si huwa tunaweka wengine kwa rafiki?"

Lilikuwa wazo zuri, na hilo ndilo lililomuuma. Lingetoka kwa mtu mwingine yeyote angelikubali. Lakini aliona kibuyu. Aliona nakala ya kazi ya maisha yake inakaa Biharamulo, kwa kina Joan, na watu wanasema: Joan ndiye anayetunza akiba ya hospitali. Ng'ombe wake, maziwa ya mwingine.

"Nakala za hospitali hii hazitoki Ngara," alisema.

Na hakuishia hapo. Siku hiyohiyo alihamisha njia ya nakala, zikawa zinaelekezwa kwenye diski ya nje iliyounganishwa kwa waya na kufungiwa kabatini mwake, akabadilisha neno la siri ili Joan asizifikie. Kisha akakumbuka kwamba kila nakala ikiwekwa, au ikishindwa kuwekwa, Mnyapara hutuma taarifa kwenye barua pepe ya ofisi, na barua pepe hiyo Joan anaisoma. Akazima taarifa. Akalala usingizi wa mtu aliyefunga zizi kwa miiba.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Ngoja tuone.

Siku Mnyapara alipokufa, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na umeme ulicheza: unakatika, unarudi, unakatika. Seva zilibebwa na betri zake na hazikutikisika. Lakini katika kukatika na kurudi huko diski ya Mnyapara, iliyokuwa nje ya betri hizo, iliharibika, na asubuhi Desderius alipofungua skrini, Mnyapara hakuamka. Alijaribu njia zote anazozijua fundi. Akajaribu na zile ambazo fundi hazijui ila anajaribu tu. Hakuna kitu. Amekufa.

Desderius akakaa kwenye kiti, akaweka simu mezani mbele yake, akasubiri ilie.

Haikulia.

Alitoka akapita koridoni. Rejista ilikuwa inaandikisha. Maabara ilikuwa inatoa majibu. Dirisha la dawa lilikuwa linaita majina. Ndivyo mashine pepe zilivyo: zikishawashwa na kupewa milango yake ya mtandao, zinaendelea na kazi hata msimamizi wao akizikwa. Desderius alilijua hilo kitabuni. Kuliona kwa macho kulikuwa jambo jingine. Alijisikia kama mtu aliyepita katikati ya soko akiwa na msiba na hakuna aliyeuliza mbona amenyoa.

Akaenda kwa katibu wa hospitali, Bwana Jovitus, mtu mpole mwenye mambo mengi.

"Katibu, Mnyapara amekufa."

Bwana Jovitus aliinua kichwa kwa mshtuko. "Mnyapara wa kijiji gani?"

"Ile seva inayosimamia mashine zote."

"Aa." Mshtuko ukamtoka. "Kuna kitu kimesimama?"

"Kwa sasa hapana."

"Basi pole na kazi, Bwana Desderius. Ukimaliza utanijulisha." Akarudi kwenye mambo yake.

Na kama vile Shetani alikuwa amepanga ratiba, Desderius alipotoka nje alikuta makofi. Kweli, makofi. Printa ya mapokezi ilikuwa imegoma asubuhi nzima, Joan amelala chini yake na bisibisi, imetapika karatasi, na watu wa kwenye benchi wanashangilia kama goli limefungwa. Joan aliinuka, wino mkononi, akamwona.

"Kaka, habari za asubuhi? Huko ndani salama?"

"Salama," alisema Desderius.

Ndivyo alivyojibu. Mkubwa wa nyumba amekufa, na yeye anasema salama, kwa kuwa asingeweza kumpa Joan hata msiba wake.

Usiku ulipita na wazo. Sitaki kusema wazo lilimjia. Alilikaribisha, akalivutia kigoda. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, siku ambayo kina mama hutoka Keza, Kibimba na kwingineko kwa bodaboda na kwa miguu, na foleni ya dawa hufika mpaka kwenye ngazi. Je, ikizimwa mashine moja tu? Mashine ya dawa. Nusu saa. Watu waone. Katibu aje mwenyewe mbio, aseme "Desderius yuko wapi?" Si Joan. Desderius. Naye atoke na mikono ya shati imekunjwa, aseme, "Tulieni, nalishughulikia." Kisha aiwashe. Nani angejua? Umeme wa jana umeharibu mambo, nani asiyejua? Na mgonjwa gani hufa kwa kusubiri nusu saa, alijiuliza, kana kwamba hajaoa muuguzi.

Asubuhi, foleni ilipofika kwenye ngazi, aliizima moja kwa moja kwenye seva yake, kwa utaratibu wake wote, kama mtu anayefunika mtoto blanketi.

Ilikwenda kama alivyoota. Dirisha la dawa lilinyamaza. Sauti zikapanda. Simu ikalia, na Desderius akaiacha ilie kidogo, aionje. Bwana Jovitus akaja mwenyewe, jasho usoni. "Desderius! Dawa zimesimama!" Bila hata ya "Bwana". Desderius alisikia jina lake likitajwa koridoni kutoka mdomo hadi mdomo, akasema yale maneno aliyoyatunga usiku, na yalimtoka vizuri. Kisha akarudi chumbani, akasubiri kidogo kwa ajili ya heshima, akaiwasha mashine.

Ikaamka. Ila ikawa bubu.

Aliiita, haikuitika. Akaizima tena, akaiwasha tena. Bubu. Ndipo alipokumbuka kitu ambacho angemwuliza mwanafunzi yeyote kwenye mtihani: Mnyapara ndiye anayegawa milango ya mtandao. Mashine iliyo macho huendelea na mlango wake hata Mnyapara akifa. Mashine iliyolala hufungiwa mlango, na wa kuufungua ni Mnyapara peke yake. Kuiwasha aliweza. Kuipa njia ya kufika dirishani hakuweza. Mwongo alikuwa amepata ukweli wake: sasa hospitali ilikuwa imesimama kwelikweli.

Basi Mnyapara hana budi kufufuliwa, na sasa hivi. Desderius alitengeneza mashine mpya tupu kwenye seva yenye nafasi, akasakinisha mfumo, akafungua kabati akatoa diski ya akiba. Kazi aliijua. Mashine mpya ni mwili. Nakala ya akiba ni roho. Unaimimina roho mwilini na msimamizi anaamka na kumbukumbu zake zote. Akafungua diski atafute nakala ya juzi.

Hakuna. Ya wiki iliyopita, hakuna. Ya mwezi uliopita, hakuna. Tangu siku ile alipobadilisha neno la siri, Mnyapara alikuwa anaendelea kugonga kabati kwa neno la zamani, anakataliwa, na anataka kutoa taarifa kwamba amekataliwa, na taarifa zimezimwa. Miezi yote ile. Akiba haikuoza, haikuwekwa kabisa. Alimfungia Joan nje ya zizi, na ng'ombe nao wakabaki nje.

Zile za kabla ya hapo zilikuwa zimejifuta zenyewe kwa kupitwa na muda. Nakala pekee nzima ilikuwa moja ya zamani, aliyoinakili kwa mkono mwaka jana kabla ya Pasaka. Akaishika hiyo hiyo. Akaanza kuimimina, na mstari wa kuonyesha kazi ukaanza kutambaa kwenye skrini kwa mwendo wa kinyonga.

Mlango ukagongwa.

"Baba Avelina!" Ilikuwa sauti ya Scholastika. "Nina mtoto wa degedege wodini, dawa iko kule dirishani na hawawezi kuitoa. Itachukua muda gani?"

Desderius alitazama saa. Nusu saa ilikwisha kupita zamani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliogopa kitu kingine zaidi ya kutojulikana.

"Baba Avelina, unanisikia?"

"Nakusikia. Bado."

Kisha sauti nyingine nje. "Dada Scholastika, njoo huku. Nimeongea na mfamasia, tunaandika kwa mkono, tutaingiza baadaye. Mtoto wako anahudumiwa kwanza." Joan. Viatu vya Scholastika vikaondoka mbio vikimfuata.

Na hapa nawaambia ukweli kuhusu wivu, kwa kuwa wengi hudanganya juu yake. Mtu angetegemea kwamba wakati huo, mtoto anatapatapa wodini kwa mkono wake, Desderius aliwaza mtoto tu. Alimwaza, ndiyo, na aliomba Mungu. Lakini ndani kabisa, pembeni ya sala, kidudu kilinong'ona: hata mke wako amekwenda kwake.

Mstari ulifika mwisho. Mnyapara akaamka.

Desderius aliingia, na alichokiona kilimfanya akae wima. Kwenye orodha ya wenye mamlaka kulikuwa na jina moja tu: Desderius. Joan hakuwapo. Nakala ilikuwa ya kabla hajafika, na kwa Mnyapara huyu aliyefufuka hakuna mtu wa namna hiyo aliyewahi kuzaliwa. Hakuna printa zake, hakuna makofi yake, hakuna ndizi. Hospitali yote ilikuwa yake tena, kama mwanzo, kama ilivyopaswa kuwa. Kwa muda mfupi, na Mungu amsamehe, alisikia utamu. Alisikia utamu mwilini kama mtu aliyetua mzigo.

Kisha akatafuta mashine ya dawa.

Nayo haikuwapo. Mashine ya dawa iliyokuwa ikifanya kazi siku hizi ilijengwa mwaka jana, baada ya vuli, wakati ile ya zamani iliposhindwa na wingi wa wagonjwa. Desderius alikuwa amekwenda Keza kwenye mazishi ya shangazi, na aliyeijenga ni Joan, kwa kompyuta yake ya nje, bila kuvuka kizingiti. Mnyapara asiyemjua Joan hakuijua kazi ya Joan. Aliiona pale kwenye seva kama mgeni asiye na barua, na hakuwa tayari kumfungulia mlango. Namba zake na mlango wake Desderius hakuzijua. Hakuwahi kuuliza, kwani kuuliza kungekuwa kusifu. Kubahatisha aliogopa, asije akafunga na mlango wa maabara.

Hospitali bila Joan ndiyo hii sasa, alijisemea. Aliitaka, ameipata, na haitoi dawa.

Akafungua ukurasa wa kuongeza mtumiaji. Akaandika jina la yule binti kwa vidole vyake mwenyewe: Joan. Kwenye mamlaka akasita, kisha akampa yote, sawa na yake. Akafungua mlango wa chumba, akamwita Joan koridoni.

Joan alikuja na peni nyuma ya sikio. Alisimama kizingitini. Zaidi ya mwaka kazini na hakuwahi kukivuka. Desderius akampisha kwenye kiti.

Joan akakaa. Aliiandikisha mashine ya dawa upya, akaipa namba zake kutoka kichwani, akaifungulia mlango. Huko mbele dirisha la dawa likapiga kengele yake ya kuita majina, na watu wakashusha pumzi kwa pamoja mpaka zikasikika chumbani. Joan hakuinuka. Aliendelea kutazama skrini.

"Kaka, hii haikuanguka."

Desderius akaanza kukunja waya wa diski.

"Nimeijenga mimi, naijua. Ikikatikiwa umeme, ikiamka inakagua diski yake kwanza, inachukua muda mrefu. Leo haikukagua chochote. Imezimwa vizuri, na mtu."

"Mtoto yukoje?" aliuliza Desderius.

"Amepata dawa. Ametulia, dada Scholastika yuko naye." Kisha akageuka na kiti. "Kwa nini, kaka?"

Angeweza kudanganya. Neno la umeme lilikuwa bado liko mdomoni, limeiva. Lakini alikuwa amechoka.

"Mnyapara alikufa tangu jana," alisema. "Na hakuna hata mtu mmoja aliyejua."

"Mimi nilijua."

Desderius alimtazama.

"Jana asubuhi nilijaribu kuingia, akanikataa. Nikajua amekufa. Ndiyo maana nilikuuliza huko ndani salama." Joan alisema bila kupandisha sauti. "Ulisema salama. Nikasema ni chumba chake, nisubiri aniite. Nimekaa na simu mkononi hadi jioni nikisubiri uniite."

Desderius alitafuta mahali pa kuweka macho yake, hapakuwa na mahali.

"Utamwambia katibu?"

Joan hakupata nafasi ya kujibu, kwa kuwa Bwana Jovitus alikuwa amefika mlangoni, uso umefunguka, nyuma yake mfamasia na nusu ya foleni wakichungulia. "Joan, mwanangu! Wewe ni baraka kwa hospitali hii!"

Joan aliinuka kwenye kiti.

"Si mimi, katibu," alisema. "Mimi nilikuwa naandika karatasi. Seva ilikuwa imekufa kabisa, kaka Desderius ndiye aliyeifufua, peke yake. Tangu jana yuko nayo. Mshukuruni yeye."

"Kumbe!" Bwana Jovitus alimshika Desderius mkono, akamvuta mpaka koridoni, mbele ya watu wote. "Na mimi nikamwambia pole na kazi! Jamani, mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyetuokoa leo. Hamumjui kwa sababu hajisemi. Mpigieni makofi!"

"Ile mashine imeamka? Si irikuwa imerara?" aliuliza bibi mmoja aliyebeba mjukuu. Akaambiwa imeamka, ameiamsha huyu hapa. "Mungu akubariki, mwanangu," alimwambia Desderius, na akaanza kupiga makofi yeye kwanza.

Yakafuata ya wengine, kutoka dirisha la dawa mpaka kwenye ngazi. Kina mama wakapiga vigelegele. Scholastika alitokea mlango wa wodini, akasikia jina linaloshangiliwa, na uso wake ukajaa fahari ambayo mumewe hakuwahi kuiona. Kila kitu alichokionea wivu tangu Pasaka ya mwaka jana kilikuwa kimeletwa na kuwekwa miguuni pake, hakikupungua hata kimoja.

Alimtafuta Joan. Alikuwa amesimama nyuma ya katibu, anapiga makofi na wengine, taratibu, anamtazama.

Desderius akainamisha kichwa, na watu wakasema: oneni mtu mnyenyekevu.